Mlango wa Ofisi Uvuke Bahari

Tangu kale watu wa visiwani wameijua bahari kuwa ndiyo barabara yao, na wamejua pia kwamba barabara hiyo haimtii msafiri. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mkondo wa Pemba huchafuka, na mtu wa Wete au Micheweni mwenye shauri lake katika ofisi ya Unguja hana la kufanya ila kungoja huku akiutazama upepo. Vivyo hivyo mtu wa Mafia, ambaye hushika chombo Kilindoni kwenda Nyamisati. Mawimbi hayajui kwamba karatasi ya mtu huyo inatakiwa ifike Jumatatu.

Hatari ya njia hiyo haihitaji kuelezwa kwa watu waliozika ndugu zao. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Watu husafiri kwa mambo mengi, ya harusi, ya msiba, ya biashara na ya masomo, na safari hizo hazitakoma wala hatutaki zikome. Lakini safari ya baharini ambayo sababu yake pekee ni jalada kuwa upande mmoja wa maji na mwenye jalada kuwa upande wa pili, hiyo ni safari ambayo ofisi ya umma haina haki ya kumtwisha mwananchi.

Kwa ajili hiyo leo tunataka kulizungumza jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni namna ya mtumishi aliye mbali kuingia, kwa njia ya simu, katika mtandao wa kompyuta wa ofisi yake. Tunalizungumza kwa sababu jambo hilo si geni. Lina historia ya zaidi ya miaka 60, na historia hiyo imekwisha kutoa mafunzo ambayo maofisa wetu wanaweza kuyachukua bila ya kuyalipia upya.

Visiwa hivi havikuwa nyuma katika mawasiliano. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden kwa upande wa kaskazini, na kwa upande wa kusini ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Jengo la Extelecoms pale Shangani, ambalo siku hizi ni hoteli, ni kumbukumbu ya zama hizo za waya. Lililochelewa kutufikia ni kompyuta. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikataza uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo likalegezwa taratibu katika miaka ya baadaye. Kwa hiyo wakati ofisi za Marekani na Ulaya zilipokuwa zikijifunza kuzungumza na mashine zao kwa simu, ofisi zetu nyingi zilikuwa zikiandika kwa taipureta na kuweka nakala za kaboni. Kuchelewa huko kuna faida moja: waliotangulia wamekwisha kuanguka katika mashimo, na mashimo hayo sasa yanaonekana.

Chombo kilichofungua njia hiyo huitwa modemu. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, na kompyuta haina sauti. Hesabu zake zote ni sifuri na moja. Modemu huzigeuza hesabu hizo kuwa mlio unaoweza kupita katika waya wa simu, na modemu ya upande wa pili huugeuza mlio huo kuwa hesabu tena. Mwaka 1962 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilitoa modemu iliyoitwa Bell 103, ambayo ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kwa kuwa kila herufi ilihitaji biti kama 10, ukurasa wenye herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika nzima kufika. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa modemu ambayo kompyuta yenyewe iliweza kuiamuru ipige namba, bila ya mtu kuinua mkono wa simu. Mwaka 1998 kiwango kilichoitwa V.90 kilifikisha kasi hadi biti 56,000 kwa sekunde katika kupokea, na 33,600 katika kupeleka. Na hapo waya wa kawaida wa sauti ukawa umekaribia ukomo wa uwezo wake.

Ofisi iliyotaka watumishi wake waingie kutoka mbali ilifanya hivi. Iliomba laini kadhaa kwa shirika la simu, zikapangwa ili ipigwe namba moja tu na mwito uende wenyewe kwenye laini iliyo wazi. Kila laini ilifungwa modemu, na modemu zote zikaunganishwa na kompyuta moja ya kupokea, ambayo kazi yake ilikuwa kama ya bawabu. Mtumishi aliyekuwa nyumbani au katika tawi aliipiga namba hiyo kwa kompyuta yake. Modemu mbili zikasalimiana kwa ule mlio wa kukwaruza ambao waliowahi kuusikia hawatausahau, zikakubaliana kasi. Kisha bawabu akamwuliza mgeni jina na neno la siri, akatazama rejista, na aliporidhika akampa anwani ya muda ndani ya mtandao wa ofisi. Tangu hapo kompyuta ya mtumishi ilihesabiwa kuwa imo ndani ya jengo, ijapokuwa yenyewe ilikuwa ng'ambo ya maji. Utaratibu wa mazungumzo hayo, uliojulikana kwa jina la PPP, ulithibitishwa katika umbo lake maarufu mwaka 1994, na programu ya Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 ilikuja na huduma hiyo ndani yake, hata ofisi ndogo ikaweza kuwa na mlango wa mbali.

Sasa, ukiweka mlango, ni lazima uulize ni nani anayebisha. Hili ndilo fundisho la kwanza, na lilipatikana kwa taabu. Namba ya simu haina siri, kwani yeyote aweza kuipiga, hata kwa kubahatisha. Mwaka 1983 filamu ya Marekani iitwayo WarGames ilimwonyesha kijana aliyeiachia kompyuta yake izipige namba moja baada ya moja mpaka ipate mlio wa modemu. Ule haukuwa mchezo wa kubuni tu. Watu walifanya hivyo kweli, na waliipata milango mingi iliyokuwa wazi. Mingi katika hiyo haikuwa milango mikuu yenye bawabu. Ilikuwa ni madirisha: mtumishi mmoja, kwa nia njema ya kumalizia kazi zake nyumbani jioni, alichomeka modemu yake mwenyewe katika simu ya mezani, bila ya kumwambia mtu na bila ya kuweka neno la siri.

Dirisha la namna hiyo halijatoweka. Siku hizi hakuna haja ya modemu. Mtu hupakia katika kompyuta ya ofisi programu ya kuitawala kutoka mbali, akaiacha ikiwaka usiku kucha. Maofisa wakisikia habari hiyo hukimbilia kupiga marufuku. Sisi tunasema kwamba marufuku peke yake haitoshi. Mtumishi hutoboa dirisha pale asipopewa mlango. Dawa ya madirisha ni mlango halali unaofanya kazi, na ambao kuuomba hakuchukui miezi.

Wataalamu wa zamani walibuni hila mbili za kumtambua anayebisha, na zote mbili zina akili. Ya kwanza ni ya kurudisha simu. Mtumishi alipiga, akataja jina lake, bawabu akakata simu papo hapo, kisha yeye mwenyewe akaipiga namba iliyoandikwa katika rejista kuwa ni ya mtumishi huyo. Mwizi aliyeiba neno la siri alibaki akingoja simu ambayo imelia katika nyumba ya mwingine. Hila hiyo ilileta pia haki, maana gharama ya simu ya masafa marefu iliangukia ofisi badala ya mfuko wa mtumishi. Ila hiyo haikumfaa mtu wa safari, ambaye leo yuko hotelini na kesho yuko melini.

Hila ya pili, iliyoandikwa mwaka 1992 na kukarabatiwa mwaka 1996 kwa jina la CHAP, ni kwamba neno la siri lisitamkwe kabisa katika waya. Bawabu humpa mgeni fumbo la tarakimu ambalo halirudiwi. Mgeni hulichanganya fumbo hilo na neno lake la siri kwa hesabu maalumu na kurudisha jibu tu. Bawabu naye hufanya hesabu hiyo hiyo na kulinganisha. Mdukizi akisikiliza waya atapata jibu la leo, na kesho halitamfaa. Hekima yake ni nyepesi: siri isipitishwe njiani pasipo lazima.

Fundisho la pili ni rejista moja. Ofisi iliyokuwa na milango mitatu katika miji mitatu, kila mlango na rejista yake, ilijikuta mtumishi ameondolewa katika mlango mmoja na kusahauliwa katika miwili. Kwa hiyo ukabuniwa mfumo uitwao RADIUS, ambamo milango yote huuliza kitabu kimoja, nacho huandika nani aliingia, saa ngapi, na alikaa muda gani. Mfumo huo ulianza katika miaka ya 1990 kwa ajili ya watu wanaoingia kwa kupiga simu, na jina lake refu bado limebeba maneno hayo ya simu. Lakini hadi leo ndio unaotumika katika vyuo vikuu vingi duniani kumruhusu mwanafunzi kuingia katika mtandao usio na waya.

Anayedhani kwamba kufuta jina katika rejista ni kazi ndogo ya karani na atazame yaliyoipata Colonial Pipeline ya Marekani mwaka 2021. Kampuni hiyo ina bomba linalopeleka karibu nusu ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi ile. Wahalifu waliingia katika mtandao wake kwa kupitia mlango wa mbali, wakitumia jina la kuingilia ambalo halikuwa likitumika tena lakini halikufutwa, na ambalo lililindwa kwa neno la siri tu bila ya uthibitisho wa pili. Bomba lilifungwa kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni za petroli, na kampuni ikalipa fidia ya bitcoin 75, sawa na dola milioni 4.4 kwa wakati ule. Mlango wenyewe haukuwa na kasoro ya ufundi. Ufunguo wa zamani ulikuwa haujarudishwa.

Basi tuwaulize wakuu wa idara zetu: mtumishi akistaafu, akihamishwa kutoka Chake Chake kwenda Mjini, au akifariki dunia, hurudisha ufunguo wa ghala na ufunguo wa gari, na mtu hutia saini. Je, ufunguo wake wa kompyuta hurudishwa siku ile ile, na nani hutia saini?

Fundisho la tatu lahusu njia finyu. Katika siku za modemu ya biti 33,600, jalada la ukubwa wa megabaiti moja lilichukua kama dakika nne kupita, na orodha kubwa ya hesabu ilichukua usiku. Wenye akili waliacha kulisafirisha jalada. Waliiacha kazi ifanyike katika kompyuta ya ofisini, ndani ya jengo, na katika waya wakapitisha picha ya kioo na vibonyezo vya vidole tu. Jalada halikutoka masijala. Mkono wa karani ndio uliofika. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi kwa waya na salama kwa siri, kwa sababu kompyuta ya mbali ikiibiwa, mwizi hakuti jalada ndani yake. Kwa tawi la kisiwa kidogo ambako mawimbi ya simu hupanda na kushuka, bado huo ndio utaratibu unaofaa. Mifumo inayonunuliwa ikajaribiwa katika ofisi ya makao makuu yenye mkongo mpana, kisha ikapelekwa Kojani au Tumbatu, haijajaribiwa.

Fundisho la nne ni la umeme na njia ya akiba, na hili watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani kwa karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa miezi mitatu, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme utokao bara. Bawabu wa kompyuta hulala umeme unapokatika, na kila aliye ng'ambo huachwa nje. Tangu hapo hali imetengenezwa: Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na Unguja ikapata waya mpya wenye nguvu zaidi mwaka 2013. Lakini betri na jenereta la ofisi si anasa hata leo.

Na kuhusu njia ya akiba, tukumbuke tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu katika pwani ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake ilidorora au kukatika. Ofisi ya Chake Chake yenye kutumia kompyuta iliyoko Mjini haina haja ya kupitia nchi za ng'ambo. Lakini ikiwa jalada lenyewe limewekwa katika kompyuta ya kukodi huko Ulaya, mkongo ukikatika Afrika Kusini karani wa Pemba naye hukwama. Wenye kununua huduma hizo wapaswa kuuliza jambo hili kabla ya kutia saini mkataba.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba tunazungumza mambo ya kale, kwani nani leo anayepiga simu kwa modemu? Ni kweli kwamba zama zile zimepita. Kampuni ya AOL ya Marekani, iliyokuwa maarufu kuliko zote kwa huduma hiyo, iliifunga tarehe 30 Septemba 2025. Siku hizi mtumishi huingia ofisini kwake kwa njia ya faragha iliyochimbwa ndani ya intaneti, ambayo mafundi huiita VPN, na kasi yake haina kifani na ile ya zamani. Hata hivyo kilichobadilika ni barabara tu. Bawabu yuko pale pale, rejista iko pale pale, na funguo zilizosahauliwa ziko pale pale. Na kupiga namba ili kuifikia kompyuta hakujafa hata kidogo: mvuvi wa Mkokotoni anayebonyeza nyota 150 nyota 00 reli ili kutuma fedha kwa simu, anaipigia kompyuta iliyo mbali, inamuuliza namba yake ya siri, inamtambua, inamhudumia. Huduma hiyo ya M-Pesa imekuwapo Tanzania tangu 2008. Ikiwa mvuvi anaweza kuifikia akiba yake akiwa ufukoni kwa simu ya bei ndogo, ni vigumu kumweleza kwa nini jalada lake la kiwanja lazima alifuate kwa meli.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha shauri letu. Mlango wa mbali unapowekwa, desturi ni kuwapa ufunguo wakubwa kwanza, kwa kuwa ndio wasafirio na ndio wenye kompyuta za kubeba. Mkurugenzi anayesoma barua zake akiwa mkutanoni ng'ambo anastahili huduma hiyo, hatukatai. Lakini mkurugenzi asipoingia leo ataingia kesho, na hakuna aliyelala njaa. Anayehitaji ufunguo kwa haraka zaidi ni karani wa dirishani katika kisiwa kidogo, ambaye mbele yake amesimama mwalimu mstaafu akiuliza kiinua mgongo chake, au mjane akiuliza hati ya mumewe. Karani huyo akiweza kulifungua jalada, kuliona limekwama wapi, na kusema ukweli wake, mwananchi hurudi nyumbani kwa miguu. Asipoweza, humwambia maneno mawili ambayo kila mtu wa visiwani anayajua: nenda Mjini.

Karani hapaswi kupewa funguo za kila chumba. Apewe kile ambacho kazi yake inakihitaji, asome asichoruhusiwa kubadilisha, na kila alilofanya liandikwe kwa jina lake mwenyewe. Jina moja la kuingilia linalotumiwa na watu sita, huku neno la siri limebandikwa kwenye kioo, si uaminifu baina ya wenzi wa kazi. Ni njia ya kuhakikisha kwamba siku jalada litakapopotea hapatakuwa na wa kuulizwa.

Tena mlango hauna maana kama chumba ni kitupu. Majalada yaliyomo masijala yakiendelea kuwa ya karatasi, yaliyofungwa kwa kamba na kuliwa na mchwa, karani wa Pemba atafungua mlango na kukuta ukuta. Kuyaingiza majalada katika kompyuta ni kazi ya mikono, ya kuchosha, isiyokatiwa utepe wala kupigiwa ngoma. Ndiyo maana hucheleweshwa. Nayo ndiyo inayopasa kutengewa watu na fedha kabla ya mashine nyingine mpya kununuliwa.

Tunapendekeza basi kwamba kila idara yenye watumishi zaidi ya kisiwa kimoja ijiulize maswali machache na iyajibu kwa maandishi. Ni majalada gani yanayomfanya mwananchi avuke bahari? Ni karani gani angeweza kuyasoma hapo alipo, na amenyimwa kwa sababu gani? Ni majina mangapi ya kuingilia ambayo wenyewe wamekwisha kuondoka? Umeme ukikatika au mkongo ukipata hitilafu, ofisi itafanya kazi kwa njia gani? Maswali hayo hayahitaji mtaalamu kutoka nje, na majibu yake yangeweza kupatikana katika wiki moja ya kazi.

Nao wananchi wasikae kimya. Mtu anapoambiwa avuke maji kufuata karatasi, aulize kwa adabu kama karatasi hiyo haiwezi kusomwa pale alipo, na jibu analopewa alikumbuke. Ofisi hujifunza kwa kuulizwa. Waya wa kwanza ulifika Unguja mwaka 1879 kwa manufaa ya wafanyabiashara na watawala. Yapasa sasa mtu wa Micheweni naye apate fungu lake katika waya, na kusi ivume kadiri ipendavyo bila ya kumzuilia haki yake.